Pete Iliyorudishwa

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipotoka getini kupokea kifurushi. Pete ya almasi, imerudishwa. Mteja hakusema sababu. Wateja wa mtandaoni nimewazoea: leo wanakuganda wanaitaka, kesho vidole vimenenepa.

Nikaipima kama kawaida. Unaipumulia; almasi ya kweli ukungu unafutika papo hapo. Ukafutika. Nikampa mdogo wangu. Vidole vyake ndivyo vinavyouza duka letu, vimo kwenye kila picha. Tangu mama afariki, tumebaki mimi na yeye tu.

"Dada, mbona ya baridi hivi?"

"Vaa, acha kudeka."

Nikapiga picha, nikaipandisha kwenye ukurasa wetu. Simu ikaita. Ni yule mteja, ananong'ona.

"Kuna mtu ameivaa?"

"Mdogo wangu. Kwani vipi?"

"Asiivue. Mke wangu aliivaa siku moja tu. Akaivua anawe mikono... hakuvuta pumzi tena."

Akakata.

Nilitaka kucheka. Nikamkumbuka sonara aliyeniuzia kwa bei ya kutupa, hata macho hakuniinulia. "Hii haikai na mtu," alisema. Nikaona porojo tu.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa kwenye kochi anachezea simu, mkono mwenye pete umelala mapajani. Jiwe likaingia ukungu.

Hakuna aliyelipumulia.

Ukafutika. Ukaingia tena... taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala.

Nikatazama kifua chake. Hakipandi. Hakishuki.

Nikachukua kioo tunachowekea pete tukizipiga picha, nikamsogezea puani. Akaangua kicheko, mdomo wazi.

"Una wazimu, dada!"

Kioo kikabaki kikavu.

Niliogopa. Nikafungua mdomo nimwambie asiivue. Simu yake ikalia, akaruka.

"Imeuzwa! Wanaifuata sasa hivi. Ngoja nikaivue, imenibana kweli."

Akanipita mbio. Nilipomfuata, komeo la bafuni lilikuwa limeshaingia na bomba limefunguliwa. Nikaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Usiivue! Mdogo wangu, nakuomba, usiivue!"

"Unasemaje? Sisikii, maji!" Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Usijali, dada, sabuni imesaidia. Inatoka..."

Baada ya hapo nikasikia maji tu.