Alama ya Dole Gumba

Jumatatu moja ya Aprili 1923, saa tatu asubuhi, Orville Stroud alitoa tofali la mwisho mlangoni mwa tanuri, akachungulia, akabaki ameinama vile vile. Mitungi mia moja na ishirini ya Profesa Engstrom, kazi ya mwaka mzima, ilikuwa imeyeyuka na kugandamana kama mishumaa iliyosahauliwa juani.

"Vipi, mzee?" aliuliza Pruett, mkuu wa chuo. Alikuwa amevaa suti ya kupokelea wageni. Wenye kiwanda cha vigae walitarajiwa saa sita.

"Moto umezidi."

"Moto haujizidishi wenyewe. Wewe ulilala."

Hata kofia hajavua, hukumu tayari. Orville alikuwa amechoma tanuri hilo miaka kumi na saba, tangu chuo kile cha Iowa kilipoanza kufundisha uhandisi wa udongo. Nyumba aliyoishi, nyuma ya ghala la makaa, ilikuwa ya chuo. Kazi ikienda, na nyumba inakwenda. Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Mkewe Almeda alikuwa mchovya vigae kiwandani, kwenye rangi ya kung'arisha yenye madini ya risasi. Sumu ilimpooza mikono, kisha ikammaliza, na muda wote huo wasimamizi walimwambia anywe maziwa. Engstrom, profesa na mfinyanzi, alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja kutafuta rangi isiyo na risasi. Mitungi ile, iliyochovywa rangi hiyo mpya, ndiyo ingewafunga wenye kiwanda midomo.

"Sikulala," alisema Orville. "Kipembe kiliinama saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi, nikafunga moto dakika ile ile."

Kipembe ni kijiti cha udongo kinachosimamishwa ndani ya tanuri, mbele ya tundu la kuchungulilia. Joto likifika, kinainama. Amri ya Profesa ilibandikwa mlangoni: moto hauzimwi mpaka kipembe kiiname.

Bi Adela Kirchner, msaidizi wa Profesa, aliingiza mkono akatoa kipembe pamoja na donge la udongo lililokishikilia. Akakivunja. "Kina namba nne," alisema polepole, "lakini namba nne ninazotengeneza mimi ni za kahawia. Hiki ndani ni cheupe. Huu ni udongo wa namba tisa, wa joto kali zaidi, umepigwa mhuri wa nne. Ungechelewa kuinama kwa saa nyingi."

"Kumbe si usingizi," alisema Orville.

"Nani alikiweka?" aliuliza Pruett.

"Mimi niliweka changu, Ijumaa. Hiki si changu," alisema Adela.

Kwenye donge palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote imekaushwa na moto, na mstari mmoja mnene umeikata katikati. Pruett akamwamuru Orville aweke gumba lake. Likafunika alama nzima na kuzidi. Akamgeukia Adela. La Adela likakaa sawasawa.

"Profesa?" aliuliza Pruett.

Engstrom, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alipima alama kwa bikari yake ya shaba. Kama kawaida yake akiwa na wasiwasi, alikuwa akisugua gumba la kushoto, pale lilipokatwa na waya wa kukatia udongo zamani za ujana wake. "Kidole cha mwanamke," alisema. "Huo mstari ni ufa wa moto tu."

"Profesa, mimi?" alisema Adela. "Miaka minne nasaga udongo wako."

"Kesho saa nne namwita mkuu wa polisi," alisema Pruett.

Orville alishinda siku hiyo akizunguka. Alifagia jivu lililokwisha kufagiwa, akaenda ghalani, akarudi, akasahau alichoendea. Mfukoni aligusa tena na tena pete ya udongo. Jumamosi saa nane mchana moto ulikuwa na rangi asiyoipenda, basi akaivua pete hiyo, aliyokuwa ameificha humo kujaribia moto, kwa ndoano ya chuma kupitia tundu, kama wachomaji wa zamani. Profesa alikuwa amepiga marufuku pete. Mchomaji mwingine alifukuzwa kwa hilo hilo. Angeionyesha, Pruett angesema ndoano ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Alipoketi hatimaye nyumbani, macho yalianguka juu ya kigae kilichokuwa dirishani. Almeda alikifinyanga mwaka wa harusi yao, akakibonyeza kwa gumba. Kilipotoka motoni akajaribu kurudisha gumba pale pale, likagoma kuingia. "Tazama, Orville," alicheka, "hili ni gumba langu la utotoni."

Orville akasimama.

Jumanne saa nne kasorobo aliweka kigae, donge na bonge la udongo mbichi juu ya meza ya Pruett. Engstrom na Adela walikuwapo.

"Umeleta nini tena?" aliuliza Pruett.

"Nimekuja kuuliza. Profesa, udongo wa donge ukichomwa hupungua kiasi gani?"

 Ni Adela aliyejibu. "Sehemu moja katika kumi." Kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Basi aliyebonyeza donge hili ana gumba kubwa kuliko alama. Kidole cha Bi Adela kingeacha alama ya mtoto. Wewe, Mkuu, kutojua hilo sikulaumu, hujawahi kuchafua mikono. Lakini Profesa huwafundisha wanafunzi wiki ya kwanza. Jana alipima, akasahau?" Alisukuma bonge mbele. "Bonyeza gumba la kushoto, Profesa. Nitalichoma. Alhamisi tutaona kama na lenyewe lina ufa wa moto."

Engstrom alilisogeza bonge kando. Akarudisha mikono mapajani.

"Rangi ilibambuka," alisema. "Majaribio ya Machi, yote yalibambuka. Na wao walikuwa wanakuja. Wangecheka, wangefunga idara, risasi ingeendelea miaka ishirini mingine. Mitungi ikiharibika motoni ningepata mwaka mmoja zaidi. Sikumkusudia Bi Adela. Nilidhani watasema usingizi."

"Usingizi wangu."

"Ndiyo, mzee Orville. Wako."

Pruett alikohoa. "Jambo hili libaki humu ndani. Jina la chuo..."

"Mwite polisi wako, Mkuu," alisema Adela. "Saa nne imefika."

Orville alitoa pete mfukoni akaiweka mbele ya Engstrom. "Jumamosi, saa nane mchana, kabla moto haujazidi. Imechovywa kwenye ndoo moja na mitungi yako."

Profesa aliigeuza kwenye mwanga. Akaikwaruza kwa ukucha, kisha kwa ncha ya bikari. Ilikuwa laini, ya kijani, haina ufa wala mahali palipobambuka. Akairudisha mezani taratibu.

Orville aliichukua pete akampa Adela.

"Ndoo bado ipo," alisema. "Vipimo vya rangi unavyo?"

"Kichwani."

"Basi finyanga. Makaa ninayo." Akachukua kigae cha Almeda, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akatoka bila kumuaga Mkuu.