Kola Iliyogeuzwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, ila ulimi bado. Siku hiyo uzi ulikataa kupita.

"Bibi, si ulisema miguu inakuuma? Usije shuleni leo, nitawaeleza wenzangu mwenyewe."

"Miguu ni yangu," bibi alijibu, akikunja shati kuukuu na kulitia kwenye mfuko. "Mwalimu kaniita nieleze darasani habari za baba yangu, nami nitakwenda."

Pini alitamani ardhi immeze. Wiki iliyopita mwalimu alibandika ukutani karatasi ndefu yenye mistari miwili: wa juu matukio ya dunia, wa chini maisha ya wazee wao. Chini ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, wenzake waliandika askari na mabaharia. Pini aliona haya kuandika fundi cherehani. Akaandika kwamba baba yake bibi alipigana, akapewa nishani.

Darasani, baada ya salamu, bibi aliisogelea ile karatasi, akakaza macho, akashindwa.

"Mjukuu wangu, macho yangu unayajua. Nisomee ulichomwandikia baba."

Pini aliisogelea karatasi. Akisoma, bibi atausikia uongo. Akibuni mengine, darasa zima litajua. Alichukua kalamu, akayakata maneno yake.

"Hakwenda vitani, bibi. Nilidanganya. Alikuwa fundi cherehani."

Mvulana waliyembandika jina la Redio akacheka. Bibi hakucheka. Alifungua mfuko, akatoa lile shati.

"Vita vilipopamba moto, vitambaa viliadimika," alisema. "Kola ikichakaa, baba aliifumua, akaigeuza upande mzima ukae nje, akaishona upya. Watu wakatembea bila aibu. Hili alilivaa mwenyewe. Litazameni."

Shati likapita mkono kwa mkono. Redio aliutafuta ule uchakavu mpaka akaukuta chini ya kola.

"Waliopigana tuwakumbuke," bibi aliendelea, "na aliyewasitiri watu naye tumkumbuke. Lakini njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Ukimvika baba yangu sare isiyo yake, unamvua shati aliloshona kwa mkono wake. Haya, andika upya. Nakusikiliza."

Pini akaandika, akimsomea bibi kila neno kwa sauti.