Lori Lisilofika Masukulu

Majani ya chai ya Masukulu yalikutwa yameungulia ndani ya magunia, mekundu na ya moto. Wakulima walilisubiri lori tangu jana asubuhi, kumbe lori limepelekwa Kisiba. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule wa Machi 2003, na mara zote amri ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi ya ushirika, Tukuyu, kwa jina la karani Atuganile.

Fulgence, fundi wa kompyuta kutoka Bukoba, alikuwa amechoka mpaka anaichukia mashine yenyewe. Mara mbili alimbadilishia Atuganile neno la siri. Akamshuku Nelson, mlinzi mwenye funguo, akabadilisha hata kufuli. Kumbe amri zote zilitoka mchana, mlango ukiwa wazi. Ilikuwa kuteka maji kwa pakacha.

"Saa kumi bodi inakaa," alisema meneja, Mama Lilian. "Usiponiletea mtu mwingine, namkabidhi Atuganile polisi."

"Kisiba nao ni wakulima," alidakia Godwin, msimamizi wa usafiri. "Ila huyu binti ajieleze."

Fulgence akamgeukia Atuganile. "Jana saa nne na robo, amri ilipotoka, ulikuwa wapi?"

"Nilitoka nje, kaka."

"Kufuata nini?"

Atuganile akavuta kitenge chake mabegani.

"Dada, nisaidie nikusaidie! Ulimpa mtu neno lako la siri?"

"Sijampa mtu. Nilitoka tu."

Machozi yakamlengalenga. Fulgence alitamani kupiga meza. Mtu gani huyu anayekubali kufungwa kuliko kujibu swali dogo?

Akaingia stoo kukagua waya kwa mara ya kumi, mlango kauacha nusu wazi. Karibu saa sita, mzee mwenye koti la mvua akaingia getini. Atuganile akamwona dirishani, akajitanda kitenge kichwani na kuchomoka kwa mlango wa jikoni. Kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka, kazi yake iko wazi. Haikupita hata dakika, Godwin akaja, akaketi kwenye kile kiti na kuanza kubonyeza.

Fulgence akamshika bega. "Usiinuke. Mama Lilian, njoo uone!"

"Namsaidia tu, karani katoka," alisema Godwin.

Kwenye kioo ilisomeka: lori, Masukulu kwenda Kisiba. Fulgence akamwita mzee aliyekuwa barazani.

"Shikamoo, mzee. Nani kakuita leo?"

"Marahaba, mwanangu. Si Godwin huyu? Kila mara ananitumia salamu nifuate mbolea, nikifika bado. Hata jana nimekuja."

"Na Atuganile ni nani kwako?"

Mzee huyo, Ambilikile, akainamisha macho. "Mke wa mwanangu. Kwetu mkwe hakai alipo baba mkwe, wala hamtaji jina. Ndiyo ukutila, heshima yetu. Angekwambiaje kwamba ananikimbia mimi?"

Fulgence akajionea hasira. Wiki nzima alikuwa akisaka mwizi wa neno la siri, na neno halikuibwa hata siku moja. Mlango uliachwa wazi, na Godwin ndiye aliyepanga lini uachwe.

"Kwa nini Kisiba?" aliuliza Mama Lilian.

Godwin akafuta jasho. "Nimenunua shamba kule, kwa jina la mke wangu. Majani yangu yalikuwa yanalala."

"Na ya Masukulu yakaoza," alisema mzee. "Mnyakyusa mwenzangu, umechukua heshima ya mtoto huyu ukaifanya kamba ya kumfungia."

Saa kumi, aliyesimama mbele ya bodi alikuwa Godwin. Fulgence alibaki kwenye mashine, akiiamuru ijifunge yenyewe ikiachwa peke yake. Programu ile kuukuu ikagoma kushuka chini ya dakika tano, na Godwin alihitaji moja tu. Fulgence alitukana kwa Kihaya.

"Inashindwa nini?" aliuliza mzee kutoka barazani.

"Inachelewa kufunga, mzee. Inatakiwa afunge karani mwenyewe kabla hajakimbia."

"Basi mimi nitakohoa getini."

Jumatatu iliyofuata, mvua ikinyesha, kikohozi kikubwa kikasikika getini. Atuganile akaifunga kazi yake, kioo kikawa cheusi, ndipo akajitanda kitenge na kutoka kwa mwendo wake. Mzee alisimama palepale kwenye mvua mpaka mlango wa jikoni ulipofungwa.