Shati la Mtu Asiyepimwa

Siku hiyo sokoni palikuwa hapapitiki. Koplo, makanika wa lifti aliyerudi kutoka vitani mwaka uliopita, alisukumwa na umati akajikuta amelalia meza ya kukatia nguo.

"Kaka, hapa si kitandani," akasema Fundi, tepu shingoni, gauni la njano limejaa nyuzi.

"Samahani, dada. Nataka mashati mawili. Langu, na la rafiki yangu. Yeye ana mabega mapana."

"Mlete. Simshonei mtu nisiyempima."

"Yuko mbali. Nionee huruma, mrembo."

"Mrembo! Umeanza lini kuniona?"

Alicheka, akashona kwa kukisia. Penzi likaanzia hapo. Kwa miezi sita alishona mawili kila mwezi, na rafiki hakuonekana hata siku moja.

Jumamosi moja asubuhi Fundi alipiga simu.

"Laazizi, umekunywa chai?"

"Bado, mpenzi." Kisha sauti ya Koplo ikageukia pembeni, ya upole mno: "Vaa basi, limekutosha." Simu ikakatika.

Wivu ukampanda Fundi hadi utosini. Alifunga kibanda, wateja wakimpigia kelele, akaenda mbio chumbani kwa Koplo.

Hakukuta mwanamke. Alikuta kiti karibu na dirisha, na mgongoni mwake mashati sita mapya, pini bado kwenye kola.

"Yuko wapi?"

Koplo akakitazama kiti. "Nilipopigwa risasi ya paja, rafiki yangu alivua shati lake akanifunga jeraha. Punde akapigwa yeye. Tukamzika kifua wazi. Sasa huja, hukaa pale, hutetemeka kwa baridi."

"Koplo, amekufa."

"Najua, mpenzi. Hata daktari nimemwambia, kila Jumanne namwambia. Najua amekufa. Lakini anatetemeka." Akainamisha kichwa. "Nilitaka kukuoa. Nikaogopa utakimbia."

Na kweli Fundi alitaka kukimbia, tusidanganyane. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Alimwogopa, tena alimpenda.

Akakiachia kitasa. Akavuta tepu shingoni, akakiendea kiti, akainyoosha hewani pale ambapo mabega mapana yangekuwa.

"Shemeji," akasema, "nyoosha mgongo nikupime. La harusi sishoni kwa kukisia."