Picha ya Mvua ya Mawe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yadira Guamán aliwakatia majani simbilisi wa mama yake nyuma ya nyumba yao mjini Riobamba. Akimaliza, alisimama kuutazama mlima Chimborazo. Siku ambazo mawingu yaliuachia, theluji yake iling'aa hadi macho yakauma.

"Hautakimbia huo mlima!" mama yake alimtania. "Kitakachokimbia ni kengele ya shule."

Yadira alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanachama mdogo wa chama cha wapanda milima. Hakuna mtu ambaye Yadira alimstahi pale kama Bi Elvia Tenesaca, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyokomaa, aliyekwisha kufika kileleni mara kumi na moja. Hata hivyo hakujisifu. Ukimwuliza habari za kileleni, alijibu, "Kule ni baridi tu, mwanangu," kisha akaendelea kukagua kamba zake.

Mwezi wa Agosti wanachama walikutana kwa siku mbili katika nyumba yao iliyo chini ya mlima. Jumamosi ilikuwa ya matembezi, Jumapili ya chakula na mashindano ya picha. Yeyote aliyetembea na kundi aliruhusiwa kushindana, mradi picha aipige njiani. Mshindi angefungwa kamba moja na Bi Elvia na kupelekwa hadi kwenye barafu.

"Mwaka huu nitashinda," Yadira alimwambia Wilmer, mwanafunzi mwenzake.

"Wewe? Picha zako zote zina kidole chako!"

Waliondoka watu thelathini. Mama Zoila, mpishi wa ile nyumba, alibeba mgongoni chupa kubwa mbili za maji moto ya mdalasini, akazifunga kwa shali. Sketi yake ya sufu ikipepea, aliwapita vijana waliokuwa wakihema. Walipofika katikati ya safari, aliwamiminia wote, kisha akamsogelea Yadira, aliyekuwa ameshika kamera yake.

"Hebu nishike hicho kidude."

"Unabonyeza hapa, Mama Zoila."

Ghafla mvua ya mawe ikamwagika. Kila mtu alihangaika kuvaa kofia. Bi Elvia peke yake aligeuka, akateremka mbio hadi kwa mzee Hermel, aliyekuwa nyuma kabisa. Mama Zoila akabonyeza mara moja.

"Nimekiharibu?"

"Hapana," Yadira alijibu, akaificha kamera chini ya koti.

Jioni alizipitia picha zake: mawe, ukungu, mgongo wa Wilmer. Kisha akaiona ile moja. Bi Elvia amepiga magoti, mvua ya mawe inaruka juu ya nywele zake, anamvalisha mzee Hermel glavu zake mwenyewe, na wote wawili wanacheka. Yadira aliitazama muda mrefu. Kamera ni yangu, alijiambia. Akaiwasilisha kwa jina lake.

Jumapili picha zilichapishwa na kubandikwa ukutani. Waamuzi walipoitaja ya Yadira, makofi yalitikisa madirisha.

"Kumbe siku nyingine unakiondoa kidole!" Wilmer alimpigia kelele kwa furaha.

Mama Zoila aliingia na sufuria ya supu ya viazi na jibini. Alipoiona picha, uso wake ulichangamka. "Hii si ndiyo..." Akalisoma jina lililoandikwa chini yake. Kisha akashika upawa. "Kuleni, supu inapoa." Akamwekea Yadira kipande kikubwa cha parachichi kuliko cha mtu yeyote.

Yadira aliweka kijiko chini. Akasimama.

"Picha si yangu. Aliyeipiga ni Mama Zoila."

Watu wote wakamgeukia Mama Zoila.

"Nilibonyeza tu!" Mama Zoila alisema. "Mwacheni mtoto ale."

"Lakini wewe ulitembea na sisi?" mwamuzi aliuliza.

"Sasa chupa zenu zilijipeleka?"

Watu wakaangua kicheko, na Mama Zoila akatangazwa mshindi.

"Mimi kwenye barafu, na sketi hii?"

"Sketi haijawahi kumzuia mtu kupanda," Bi Elvia alimjibu.

Yadira alitoka nje akifuta machozi. Baada ya muda mfupi Bi Elvia alimfuata, mkononi ana kipande cha kamba. Akaketi karibu naye.

"Umenikasirikia, Bi Elvia?"

"Kuchukua kazi ya mtu ni vibaya, na unalijua hilo. Ila nisikilize. Juu kule ukungu ukishuka, sikuoni, nasikia sauti yako tu. Nikikuuliza, 'Umesimama imara?' nawe ukanidanganya, tutaanguka wote wawili. Ndiyo maana kabla ya nguvu za miguu, natafuta mtu mkweli. Leo umesema kweli mbele ya watu wote, huku ukijua zawadi itaondoka. Mtu wa namna hiyo naweza kumfunga kwenye kamba yangu."

"Lini?"

"Mwakani, ukifanya mazoezi. Kwanza kamuombe Mama Zoila msamaha. Halafu rudi hapa nikufundishe fundo la kwanza."

Yadira aliinuka, akaelekea jikoni kwa haraka.