Fausta na Sumu ya Panya

Kila asubuhi, kabla hajaoga wala kusalimia mtu zaidi ya shangazi yake, Agnella alibandika kahawa. Aliichemsha kwenye kisufuria chenye mpini uliolegea, akaichuja kwa chujio la chai, kisha akaenda kuketi kwenye ngazi ya mlango wa uani, kitabu mapajani, kikombe mkononi. Shangazi Leticia alikwisha kuzoea. "Msimsemeshe huyo," aliwaambia wapangaji wake, "bado hajafika. Atafika kikombe kikiisha."

Asubuhi ile ya Jumatatu, funda la kwanza lilikuwa bado mdomoni iliposikika baiskeli ya muuza sumu ikiingia mtaa wao wa Viwanjasitini, spika imefungwa kwenye usukani.

"Sumu ya panya! Dawa ya mende, kunguni, viroboto! Panya akila hakuagi! Ua leo, kesho atazaa!"

Agnella akafunua ukurasa. Makelele yale hayakuwa mageni. Lakini tangazo likakatika ghafla, ikaingia sauti nyingine, nzito na ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kusoma somo la pili kanisani.

"Mto Kilombero ulikuwa umefura, na moyo wa Fausta ulikuwa umefura kuushinda mto. 'Nataka nikuoe, Fausta,' kijana akasema. Fausta akayatazama maji. Akasema, 'Ndiyo, mpenzi. Ndiyo.'"

Yakafuata mabusu, mwaa, mwaa, mwaa, marefu na yenye mate, kama ng'ombe anayechomoa mguu topeni. Kisha: "Viroboto! Kunguni! Wamalize wote!"

Kahawa ikamtoka Agnella kwa mdomo na kwa pua.

Fausta alikuwa wake. Alimtunga mwenyewe, sura baada ya sura, na duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyemjua Fausta: Evod.

Shangazi Leticia alikwisha kufika barabarani, khanga moja kiunoni, nyingine mkononi. "Wewe kijana, hebu simama! Si sauti ya Evod wetu hiyo?"

"Shikamoo, mama. Evod simjui. Nimeingiziwa na Masanja, pale kwenye kibanda cha nyimbo. Huko mashambani ndiyo habari ya mjini. Watu wanaamia ndege nayo! Unaning'iniza spika katikati ya mpunga, kwelea kwelea hawatui."

"Kwa hiyo ndege wanaikimbia?"

"Ndege wanaikimbia, panya wanakufa, akina mama wanalia. Nikupe pakiti mbili?"

Shangazi akacheka hadi akashika ukuta. Siku nzima, akiosha vyombo, akichambua mchele, alikuwa akijisemea kwa sauti nyembamba, "Ndiyo, mpenzi. Ndiyo." Hakujua kwamba kila akisema hivyo, mpwa wake alikuwa akiziba masikio.

Agnella na Evod walikutana mwaka uliotangulia kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Ifakara. Mabenchi yale yalikuwa ya wanaume, na yeye, kwa haya zake, alipita pembeni kama mwizi, akiwa na gauni la kitenge la rangi ya haradali na kikombe chake kwenye mkoba. Hakuweza kunywea vikombe vya pale. Vyote vilisuuzwa kwenye ndoo moja, na maji ya ndoo hiyo yalikuwa meusi kuliko kahawa yenyewe.

"Dada, unaogopa midomo yetu?" akauliza kijana mmoja aliyejaa pumba za mpunga kuanzia kope hadi kandambili. Alikuwa ametoka mashineni, kukoboa.

"Naogopa ndoo," Agnella akajibu, akashangaa kusikia sauti yake.

Benchi zima likaangua kicheko. Kesho yake kijana yule akaja na kikombe chake mwenyewe, cha plastiki, cha kijani, akakiinua juu. "Na mimi naogopa ndoo," akasema. Mapenzi yao yakaanzia hapo.

Mchana Agnella aliuza steshenari na kuchapa barua za watu. Duka likipoa, aliandika riwaya. Sentensi mbovu, alikuwa akisema, hujificha machoni lakini haiwezi kujificha masikioni. Basi Jumapili baada ya misa alimtumia Evod sura mpya kwenye simu, naye akamsomea. "Usimsomee mtu mwingine," alimwambia. "Hata paka, mama," Evod akaapa.

Na baada ya Pasaka, huko Kivukoni, wakiwa wameegemea kingo za daraja la Mto Kilombero, Evod alisema anataka kumwoa. Agnella aliyatazama maji. Wiki ile ile akaiandika siku hiyo, akampa Fausta. Fausta akayatazama maji. Nukta. Sura ikaisha pale. Hapakuwa na "ndiyo". Hapakuwa na "mpenzi".

Alimpigia Evod akiwa chooni, mahali pekee ambapo shangazi asingesikia.

"Kipenzi changu!" Evod alikuwa akipaza sauti kuishinda mashine. "Kahawa umeshakunywa?"

"Nimeitema."

"Imeungua?"

"Fausta anauza sumu ya panya."

"Nella... mama yangu mzuri, nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki iliyopita. Nilidhani itapita, kama mafua. Lakini watu wanaipenda, Nella! Ungesikia huko mashambani Mngeta..."

Akakata simu, akasimama pale kwenye harufu ya choo, na harufu ile akaiona ni safi kuliko moyo wake wakati ule.

Saa ya chakula cha mchana akaenda mashineni. Njia ilikuwa tope, na kando ya mashine maji ya mvua yaliyochanganyika na pumba yalikuwa yamevunda, yanatoa povu. Evod akatoka mbio, akijipangusa uso kwa fulana, akaongeza uchafu badala ya kuupunguza. Yote aliyokuwa akiyapenda kwake, vumbi lile jeupe kwenye kope, jasho lile, leo yalimtia kinyaa.

"Eleza," akasema.

"Nilijirekodi nyumbani nikisoma. Kwa ajili yangu tu, niisikilize usiku. Halafu mama mkubwa Emerensiana yuko shambani kutwa nzima anaamia ndege, peke yake, kusoma hajui. Nikamtumia kidogo, apate kampani. Yeye akampelekea Masanja amwingizie kwenye spika. Masanja naye, unamjua, hawezi kuona kitu akakiacha. Yale mabusu ni yake, naapa. Anabusu kiganja chake."

"Na 'ndiyo'? Nayo ni ya Masanja?"

Evod akayatazama maji yaliyovunda. Hapo Agnella akajua.

"Nani alisema ndiyo, Evod?"

"Mimi. Nilifika pale mwisho, nikaona Fausta amenyamaza, nikashindwa kumwacha hivyo. Ulinyamaza darajani, Nella. Kwetu binti akinyamaza amekubali. Bibi alinyamaza, mama alinyamaza. Mama mkubwa nimeshamwambia umekubali. Wanakuja Jumapili na mshenga. Hata shangazi yako ana habari."

"Kwa hiyo ukanijibia."

"Nilidhani nakusaidia. Najua una haya."

Neno hilo, "nakusaidia", ndilo lililomkereketa kuliko sumu, kuliko mate ya Masanja. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, tena mazuri, yamepangika. Hakuna hata moja lililotoka. Akageuka, akaondoka, na alipofika barabara ya lami akakumbuka kwamba amemwachia kimya kingine, akitafsiri apendavyo.

Wiki ile kila kitu kilimchukiza. Kahawa ilinuka dawa ya mende. Akijaribu kuandika, alisikia spika. Akaifungua riwaya yake na kuisoma kwa macho ya muuza sumu, akakuta mambo. Nani huyu aliyeandika kwamba moyo ulipepea kama khanga kambani? Nani aliyempa kijana kifua kipana kama mlango wa ghala? Akafuta kifua. Akafuta moyo. Akafuta kurasa nyingi, kwa kinyaa kile kile mtu anachofutia kinyesi cha kuku sebuleni, na ajabu ni kwamba zilizobaki zilianza kusomeka.

Evod hakuacha kutuma ujumbe. "Nella wangu, nimeenda Mngeta, mama mkubwa amefuta." Kesho yake: "Masanja amefuta, ila anasema imeshasambaa kama pumba kwenye upepo." Halafu: "Jamani hata tusi basi." Hakujibu.

Jumamosi alasiri akaja mwenyewe. Alikuwa ameoga, shati jeupe limepigwa pasi, amesimama nje ya dirisha la jikoni, wavu wa mbu katikati yao. Shangazi alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya.

"Sijaja kuomba unisamehe," akasema. "Nimekuja kusema nilichofanya. Uliandika nukta, nikaifuta. Tena si kwenye hadithi tu. Nikasimama mbele ya ukoo wangu nikawaambia umekubali, na wewe hujasema. Kimya chako kilinitisha, Nella, nikakijaza na kitu ninachokitaka. Nikiwaza sasa, najichukia. Mshenga nitampigia leo, asije."

Agnella alikuwa akikatakata vitunguu. Machozi yakawa na sababu. "Waache waje," akasema.

"Maana yake nini?"

"Maana yake waje."

Evod akaondoka bila kuuliza tena, na kwa mara ya kwanza hakujua hata kidogo anaenda na jibu gani.

Jumapili sebule ikajaa. Mzee Salvatory, mshenga, koti la suti juu ya shati la kitenge, alikuwa na koo safi na mafumbo tayari. Mama mkubwa Emerensiana alikuwa amevaa vitenge vipya, bado vinanuka duka. "Mwanangu," alimnong'oneza Agnella alipopokea shikamoo yake, "nasikia wewe ni msomi. Ungeisikia ile hadithi ya Fausta! Sijui nani kaitunga, Mungu amweke. Hata ndege wenyewe walikuwa wanasikiliza kwanza ndipo wakimbie." Evod alikaa karibu na mlango, kando ya mama mkubwa. Kwa desturi yeye siku hiyo hana neno.

Mzee Salvatory akasema ameona ua zuri katika nyumba hii. Shangazi akasema maua ni mengi, lipi? Wakacheka, wakataniana, soda zikanywewa. Mwisho Agnella akaitwa, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Binti," Mzee Salvatory akauliza, "wageni hawa unawafahamu? Wanataka kukuchukua uwe wao. Unasemaje?"

Agnella akainamisha kichwa. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Feni ikazunguka. Nje kuku akalalamika.

Shangazi Leticia akapiga kofi la furaha. "Haya basi, mmeona! Kimya cha mtoto wa kike ni..."

"Hapana," Evod akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Mama mkubwa akamfinya paja. "Kaa kimya, wewe! Unataka kutuaibisha?"

"Mnisamehe, wazazi wangu. Hajajibu. Mimi niliwadanganya mara ya kwanza, sitaki tudanganyane tena. Msubirini. Na akisema hapana, ni hapana, tutaondoka na soda zetu tumboni."

Mzee Salvatory alitazama dari kama mtu anayetafuta fumbo la kumwokoa, asilipate. Wakasubiri. Hakuna mtu aliyewahi kumsubiri Agnella namna ile, sebule nzima, wazee kwa vijana. Akainua kichwa.

"Ile hadithi ya Fausta ni yangu," akasema, na sauti yake ilitetemeka lakini ilifika hadi mlangoni. "Nimeitunga mimi. Yale mabusu yananitia kichefuchefu."

Mama mkubwa akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Na Fausta hakusema ndiyo. Aliyatazama maji kwa sababu alikuwa hajui. Mimi pia darajani nilikuwa sijui. Wiki hii nimekuwa nikimchukia huyu kijana, nimemchukia hadi kahawa imenishinda, na chini ya chuki yote hiyo nikamkuta bado yupo." Akamgeukia Evod, akamtazama usoni, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata wakiwa wawili. "Nakupenda. Nataka unioe, baada ya mavuno. Lakini kuanzia leo mtu yeyote akikuuliza Agnella anasemaje, mwambie aje aniulize mimi."