Uso Uliosogea

Rangi ya mdomo ilikuwa imepotoka kwa upana wa ukucha. Mpambaji akasonya. Kichwa cha plasta kilikuwa palepale mezani, ndani ya alama za chaki, na projekta imekazwa ukutani kwa skrubu nne. Basi nani kasogea?

Kazi yake ilikuwa hivi: kamera inampiga mteja picha za uso pande zote, mashine inachonga uso uleule kwa plasta nyeupe, halafu wanja, poda na rangi ya mdomo vilivyochorwa kwenye kompyuta vinamulikwa juu yake. Mteja anakataa hiki, anachagua kile, na ngozi yake haijaguswa. Mwanga huo unataka giza, kwa hiyo hata mchana mapazia meusi yalikuwa chini.

Safari hii mteja hakuja kupigwa picha. Alikuwa binti wa marehemu dada yake, anaolewa Jumamosi, na kila akiitwa ana udhuru. Mpambaji akachoka kusubiri. Akashusha kabatini uso wa dada, uliochongwa miezi miwili kabla hajafa, maana binti alikuwa mama yake mtupu, hata kidevu. Kwenye kompyuta akafuta jina la mama, akaandika la mtoto. Uvivu tu, na hakuna mvivu kama fundi aliyezoea kazi yake.

Akairekebisha rangi, ikakaa sawa. Akageuka kuchukua miwani. Alipotazama tena imepotoka, na chumba kinanuka kafuri ya maiti. Akasogea karibu, akainama, na ndipo alipoona kwamba rangi haikuwa imesogea hata chembe, ila mdomo wa plasta ulikuwa umepanda upande mmoja, taratibu, kama wa mtu anayejizuia kucheka msibani, na zile kope zilizofumba tangu siku ya kuchongwa zilikuwa zimeachana kidogo, na katikati yake palikuwa na unyevu.

"Kadogo," plasta ikanong'ona.

Hakuna aliyemwita hivyo ila dada, tangu utotoni. Binti alimwita Mamdogo, wengine walimwogopa.

Simu ikalia. Shemeji yake, baba wa binti.

"Shemeji, mtoto uso umekufa ganzi. Hacheki, hatafuni. Macho tu ndiyo yanazunguka."

"Tangu lini?"

"Saa nne hii."

Saa nne ndipo alipobadilisha jina.

Mtabibu wa majini alifika alasiri, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Alikitazama kichwa kama mtu anayekagua nyama iliyolala.

"Ni dada?" mpambaji akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada yako kapumzika. Huyu ni jini, kaukuta uso hauna mwenyewe, akaingia. Na wewe ukampa jina la mtu aliye hai. Sasa anahamia huko."

"Nikivunje?"

"Kivunje, uzike na mtoto. Rudisha jina la marehemu. Mimi nitasoma, na taa ya projekta usizime mpaka nikwambie. Akibaki gizani kabla sijamaliza, atamkimbilia mtoto, amwingie mzimamzima."

Jina likarudishwa. Mtabibu akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kafuri ilivyozidi kuwakaba koo, na kile kichwa kikaanza kutokwa jasho, na wanja ukamiminika mashavuni ingawa wanja ule ulikuwa mwanga mtupu usioweza kumiminika, na mpambaji akashika swichi ya projekta, akisubiri, akisubiri.

"Zima," sauti ya mtabibu ikasema.

Akazima.

Kisomo kikakatika. Gizani, mtabibu akakohoa.

"Mbona umezima?"

"Si umeniambia."

"Sijafungua mdomo zaidi ya kusoma."

Simu ikalia tena. Shemeji alikuwa analia kwa furaha. "Amepona, shemeji. Anacheka. Tangu sasa hivi hajanyamaza."

Jumamosi mpambaji alimpamba bibi harusi kwa mkono wake. Akachora mdomo kwa uangalifu, akarudi nyuma kutazama. Umepotoka kwa upana wa ukucha. Akafuta, akachora tena. Ukapotoka upande wa pili.

"Tulia, mwanangu."

"Nimetulia, Kadogo," bibi harusi akasema.